Hakutaonekana Hapa Kwetu

Mimi haya sikuhadithiwa. Niliyaona kwa macho yangu haya mawili, ambayo shule iliyakosa mapema na dunia ikayafaidi. Mimi ni fundi wa mabomba, na siku yenyewe nilikuwa juu ya paa la nyumba ya jirani, kichwa ndani ya tangi la maji, miguu nje. Nani anaona mambo ya watu kumshinda fundi aliye juu ya paa, ambaye kila mtu kishamsahau? Yaliyotokea kwenye paa niliyaona. Ya ndani nilielezwa na mwenyewe, na mtu akikueleza jambo mpaka chai inampoa mbele yake bila kuionja, hiyo nayo ni kuona. Anayetaka kubisha abishe. Ulimi hauna mfupa, wala kubisha hakutozwi ushuru.

Basi palikuwa na mke na mume, wana duka la kuchapa kalenda. Kalenda za ukutani, karatasi moja pana yenye miezi yote kumi na miwili, na chini kabisa kisanduku kidogo cha kupatwa kwa jua na mwezi: lini, saa ngapi, na wapi kutaonekana. Mume watu walimwita Wino, kwa kuwa vidole vyake havikuwahi kutakata tangu ujana. Mke alikuwa Bi Tarehe. Ukimtajia mwaka uliozaliwa na siku ya mwezi, alikuambia ilikuwa Jumatano kabla hujafunga mdomo.

Lilianza jambo dogo. Saa kumi alasiri, jua likiingia kwa dirisha la nyuma na kulala juu ya meza nyeupe ya kukatia karatasi, Wino alinyoosha mkono kuchukua rula. Mkono ukafika kwenye rula. Kivuli cha mkono kikafika baadaye.

Bi Tarehe alifumba macho, akafumbua.

"Una nini?" mumewe akamuuliza.

"Macho. Nimeanza uzee."

"Ulianza zamani, mke wangu, ila mimi ni mstaarabu sikukwambia."

Wakacheka, na rula ikaendelea na kazi yake. Lakini Bi Tarehe alikuwa mtu wa kusahihisha makosa ya chapa, na mtu wa namna hiyo akiona nukta moja imekaa vibaya halali.

Hapa lazima nieleze walivyofanya kazi, maana ndipo palipooza. Ya mwezi na jua hawakuyakokotoa wenyewe. Kila mwaka mtaalamu mmoja wa nyota, rafiki wa marehemu baba yake Bi Tarehe, aliwaandikia barua yenye orodha. Wino alishika barua na kusoma kwa sauti, na mkewe akafuata kwa kidole kwenye karatasi ya majaribio, neno kwa neno, nukta kwa nukta. Na walikuwa na sheria yao: msomaji hachunguliwi. Kumchungulia karatasi ni kumwita mwongo. Miaka kumi na tisa Bi Tarehe hakuchungulia hata mara moja. Wengine huapa mbele ya watu. Hawa wawili ndoa yao ilikuwa pale, kati ya sauti ya mmoja na kidole cha mwingine.

Mwaka huo Wino alisoma hivi: "Kupatwa kwa mwezi kote. Hakutaonekana hapa kwetu." Kidole cha Bi Tarehe kikapita juu ya maneno hayo na kusema sawa. Kalenda zikachapwa.

Siku chache baada ya ile ya rula, muuza vitabu wa mtaa wa pili alikuja kuchukua mzigo wake, akaanza maneno yake.

"Bi Tarehe, hebu nitoe ushamba. Mwezi ukipatwa, nani anaukamata?"

"Wewe. Wewe na mimi na mtaa mzima." Akawasha taa ya mezani, akashika kibiringo cha uzi wa kushonea vitabu mbele yake, na nyuma ya kibiringo akaweka kifungo cheupe. "Taa ni jua. Kibiringo ni dunia, sisi tumo humo. Kifungo ni mwezi. Vikikaa kwenye mstari mmoja, dunia katikati, kivuli chetu kinaangukia mwezi. Mwezi hauliwi na mtu. Tumeuzibia taa tu."

"Mbona basi kila mwezi mpevu haupatwi?"

"Kwa sababu njia ya mwezi imeinama kidogo. Mara nyingi unapita juu ya kivuli au chini yake." Akapandisha kifungo, kikang'aa, akakishusha, kikang'aa, akakirudisha katikati, kikazimika. "Siku ukipita katikati hasa, unafunikwa wote."

"Na ule wekundu? Usiniambie nao ni kivuli changu, mimi si mwekundu."

"Mwanga wa jua unapenya pembeni mwa dunia, kwenye hewa, unapinda. Unaobaki ni wekundu tu, kama wa machweo. Ni machweo yote na mapambazuko yote ya dunia, yameangukia pale kwa wakati mmoja."

"Na anayeona ni nani?"

"Kila ambaye kwake ni usiku na mwezi uko angani. Karibu nusu ya dunia, kwa mara moja. Wenye mchana wanakosa. Mwaka huu sisi ndio wenye mchana, kasome kisanduku."

Wino alikuwa kwenye mashine, mgongo amewapa. Akauliza bila kugeuka, kwa sauti ya chini, "Na vivuli vyetu sisi? Vile vya mbalamwezi. Mwezi ukizimika vinakwenda wapi?"

"Havina pa kwenda," mkewe akasema. "Vinangoja mwanga urudi."

"Na kimoja kikikosa subira?"

Muuza vitabu akacheka, akabeba mzigo wake, akaenda. Bi Tarehe hakucheka. Taa ya mezani ilikuwa bado inawaka, na ukutani palikuwa na kivuli cha Wino, kimegeuka. Mtu alikuwa ameipa meza mgongo. Kivuli kilikuwa kimeielekea, kinamtazama Bi Tarehe.

Tangu hapo ikawa haipiti siku. Wino akipanda ngazi, hatua zake zinapanda, na baada ya kimya kidogo zinapanda nyingine. Wino akiketi, kivuli kinabaki kimesimama, kisha kinaketi polepole kama mgeni asiyekaribishwa. Na harufu ikaingia dukani, si ya wino wala ya mafuta ya mashine, bali ya jivu lililomwagiwa maji, na ilikaa upande ule ule aliokaa mume. Jioni moja umeme ulikatika, Bi Tarehe akawasha mshumaa chumbani, na mumewe alikuwa amelala chali, amefumba macho, mikono kifuani. Lakini kwenye ukuta kivuli chake kilikuwa kimeinuka, kimeinama juu ya upande wa mke, na kidole chake kimoja kirefu kilikuwa kinatembea taratibu juu ya kivuli cha Bi Tarehe, kutoka kichwani kushuka begani, kutoka begani kushuka kiunoni, kama mtu anayefuata maandishi kuhakikisha hakuna neno lililoruka.

Kesho yake akaenda kwa Bibi Miavuli.

Huyu alikuwa bibi anayeshona miavuli penye kona ya posta, mkali wa sindano na mkali wa maneno, na waliokuwa wanamjua walimjua kwa kazi nyingine pia. Bi Tarehe alimpelekea mwavuli mzima kabisa.

"Huu hauna tundu," Bibi akasema.

"Najua, Bibi."

"Basi tundu liko nyumbani. Kaa."

Akamsikiliza mpaka mwisho, sindano mdomoni. Kisha akaitoa.

"Mumeo hana kivuli, mwanangu. Alichonacho ni cha kuazima, na mwenye nacho ni jini. Jini hana kivuli cha binadamu; hukitamani kama wewe unavyotamani kuruka. Huvipata siku mwezi ukifunikwa wote, vivuli vikiwa havina mwenyewe. Mumeo alipotezaje chake hilo anajua yeye. Lakini cha kuazima kina siku ya kurudi, na siku ikikaribia kinalegea, kama unavyoona."

"Na siku hiyo ikifika?"

"Atatoa cha mtu mwingine, arudishiwe chake. Asipotoa, ataliwa yeye mzima. Na hakitolewi cha mpita njia. Ni cha anayekula naye, anayelala naye." Akamtazama. "Siku hiyo utaitwa nje. Na sharti liko moja: anayetolewa awe hajui. Anayejua hachukuliki, mwizi haingii akimkuta mwenye nyumba macho. Ndiyo maana mwenye kutoa lazima adanganye kwanza."

"Na akikiri, Bibi? Akimwambia mwenzake ukweli?"

"Akikiri kwa mdomo wake, jini hana dai tena. Wanapona wote wawili. Ila akiri kabla mwanga haujarudi."

Bi Tarehe akavuta pumzi, na uso wake ukalegea, akatabasamu kwa mara ya kwanza baada ya wiki nzima.

"Basi tuna muda, Bibi. Mwaka huu kwetu hakutaonekana. Nimekipitia kisanduku mwenyewe, kwa kidole changu."

Bibi Miavuli alirudisha sindano mdomoni.

Na sikiliza mwanamke alivyokuwa, maana hapa ndipo hata mimi nikikumbuka nasaga meno. Hakurudi nyumbani na kisu. Alirudi na huruma. Mume wangu amebeba mzigo huu peke yake, alijisemea, kwa kuogopa kunitisha. Akamchemshia maji ya kuoga. Akamfulia shati la kazini mpaka kola ikasahau wino. Usiku hatua zile za pili zilipopanda ngazi, akajibana karibu na mumewe, akamshika mkono, akanong'ona, "Chochote kile, niambie. Sitakimbia."

"Hakuna kitu, mke wangu. Lala."

Wiki tatu zikapita. Ikafika siku moja, jioni, saa kumi na mbili. Wino alikuwa juu ya paa, kwenye kamba walizokuwa wanaanikia karatasi mbichi zikauke. Mashine ilianza kucheza mguu mmoja, kama kawaida yake, na Bi Tarehe akainama kurekebisha karatasi iliyokunjwa chini ya mguu ili isimame sawa. Ilikuwa imekunjwa mara nane. Aliikunjua atie nyingine nene zaidi, akaona mwandiko wa mzee wa nyota.

Alisita. Miaka kumi na tisa ilimshika mkono. Kisha akachungulia.

"Kupatwa kwa mwezi kote," barua ilisema, na tarehe iliyofuata ilikuwa ya siku hiyo hiyo. "Kwenu mtauona. Mwezi utachomoza ukiwa tayari umefunikwa wote, jua likizama. Mtapata dakika kumi za wekundu kabla mwanga haujaanza kurudi. Msiukose, na mwambie binti ya rafiki yangu apande paani."

Alikaa sakafuni. Hakulia. Alikuwa anasikia ile sauti, sauti aliyoizoea kuliko yake mwenyewe, ikisoma hakutaonekana hapa kwetu, na kidole chake kikisema sawa. Alikuwa amefungiwa mtego kwa herufi alizozipanga mwenyewe, ukachapwa nakala elfu nne, ukatundikwa kila ukuta wa mji.

"Bi Tarehe," sauti ikamwita kutoka juu, tamu. "Njoo unisaidie kuanua hizi kabla ya umande."

Angeweza kufunga mlango. Kwa kuwa ameshajua, hakuwa na la kuogopa; angekaa chini, akangoja dakika kumi ziishe, na aliyeko juu angeliwa. Lakini akikiri kwa mdomo wake, Bibi alisema, wanapona wote wawili. Akaichukua barua, akachukua na kalenda moja, akapanda.

Mimi hapo ndipo nilipotoa kichwa kwenye tangi.

Jua lilikuwa limezama upande mmoja, na upande wa pili, juu ya mabati ya ghala, mwezi ulikuwa unatoka, mwekundu uliofifia kama kaa lililosahauliwa chini ya jivu, mviringo mzima, hauna hata ukucha wa mwanga. Wino alikuwa ameusimamia mbele, ameupa kisogo, mikono ameifungua kama mtu anayekaribisha.

"Simama hapa katikati," akasema.

"Mume wangu, leo kuna nini?"

"Kuna umande. Simama hapa."

"Na huo nyuma yako?"

"Vumbi. Mwezi ukichomoza huwa mwekundu, si unajua mwenyewe?"

Bi Tarehe akamnyooshea barua, ikiwa na mikunjo yake minane. Wino aliitambua, mimi niliona mabega yake yakishuka kidogo.

"Nisomee," mkewe akasema. Akafungua kalenda, akaweka kidole kwenye kisanduku. "Kama siku zote. Wewe soma, mimi nafuata. Sikuchungulii."

Na alikuwa anamwambia kwa kila namna anayoweza mwanamke bila kutamka: sema, mpumbavu wewe, neno moja tu, tushuke wote. Maana neno hilo sharti litoke kwa mwenyewe. Harufu ya jivu la maji ilikuwa imejaa paa mpaka mimi ng'ambo nilikohoa. Wino akaishika barua kwa mikono yote miwili. Akaitazama kwa muda mrefu. Midomo ikacheza. Naapa nilidhani atasema.

"Kupatwa kwa mwezi kote," akasoma, sauti ile ile ya miaka kumi na tisa, haikutikisika hata mahali pa kupumua. "Hakutaonekana hapa kwetu."

Kidole cha Bi Tarehe kilifika mwisho wa mstari, kikasimama.

"Sawa," akasema.

Hapo upande wa chini wa mwezi ukatoboka kijimwanga chembamba, na karatasi zote zilizoanikwa zikatulia kwa pamoja ingawa upepo ulikuwa unavuma, na kutoka miguuni mwa Wino, pale ambapo mtu mwingine angekuwa na kivuli, kitu kikajiinua, kikajikunjua kama kitambaa kinachotolewa ndoo ya maji machafu, kirefu kuliko mtu, hakina uso ila kina mahali pa uso, kikamwendea Bi Tarehe taratibu na kumzunguka mara moja, kikimnusa, kikimpitishia kidole kutoka kichwani kushuka begani, na kilipofika machoni kikakuta macho yanayajua yote, yakavu, yamekitazama, kikarudi nyuma hatua moja na kusema kwa sauti kama karatasi inayochanwa polepole, "Huyu anajua. Mwaka ule mwezi ulipofunikwa, ulisimama hapa peke yako, ukanicheka, ukaniita nije nionje na wewe. Nikakichukua kivuli chako, nikakuazima changu kwa wema. Nawe umeniletea aliye macho."

Kikamgeukia Wino. Hakupiga kelele. Alianza kufifia kutoka kwenye vidole, vile vidole visivyotakata, wino ukabaki unaning'inia hewani dakika nzima bila mkono, na alipokuwa amebaki sauti tu, sauti ile ikasema, "Nisamehe, mke wangu." Kisha paani palikuwa na mwanamke mmoja, na barua imeanguka chini, na mwanga wa mwezi unarudi, na miguuni mwa mwanamke kivuli chake, kimoja, mahali pake.

Bibi Miavuli alikuja kesho yake na ubani na maneno yake, akalisafisha duka pembe kwa pembe. Harufu iliondoka. Hatua za pili ziliondoka. Mumewe pia hakurudi, na watu waliambiwa amesafiri.

Duka bado liko. Bi Tarehe sasa hufungua barua mwenyewe na kusoma mwenyewe, kwa sauti, maana hajui kusahihisha kimya. Lakini kuna jioni, jua likiingia kwa dirisha la nyuma, ambapo, anaposoma, kivuli cha mkono wa mwanamume hutokea ukutani penye mashine, bila mkono, na kidole chake hufuata maneno moja baada ya moja. Akimaliza mstari hukiangalia. Mpaka leo hajakiambia sawa.

Haya, nimesema niliyaona yote, na niliyaona. Isipokuwa moja, nalo nitalitoa maana nimezeeka kubeba vitu visivyo vyangu. Ile "nisamehe, mke wangu" niliitia mimi. Nilikuwa ng'ambo ya pili na nilisikia vizuri. Alichosema Wino, sauti ikiisha, kidole chake kisicho na mkono bado kimemwelekea mkewe, ni: "Mtazame vizuri. Hajui. Mchukue huyu." Nilipomweleza Bi Tarehe kwamba kwenye hadithi nimembadilishia maneno mumewe, alikitua kikombe, akaniambia, "Liache hilo lako. Angalau mtu mmoja aniombe msamaha."